Mahindi Nayo Yalikuja

"Marehemu hakujaliwa kuoa." Hivyo ndivyo kijana wa ukoo alivyosoma katika wasifu wa kaka yangu Deusi, mbele ya jeneza, mbele ya padri, mbele ya nusu ya kijiji chetu cha Pito. Na Tumaini amesimama pale pale, kitenge kichwani, mwanamke aliyempikia Deusi maisha yake yote ya utu uzima, akamzalia mabinti wawili, akamgeuza kitandani miezi yote ya ugonjwa. Hakujaliwa! Nilitamani kuinyakua ile karatasi niitafune. Nilimgeukia Baba Mkubwa Fidelis, kaka wa marehemu baba yetu, mzee anayetembelea mkongojo lakini sauti bado ya mtu anayeita ng'ombe walio mbali, maana nilijua maneno yale yametoka kinywani mwake hata kama yamesomwa na mwingine. Alikuwa anatazama juu, anakagua bati za kanisa. Tuliporudi nyumbani kwa Deusi, wanawake walipoingia sebuleni kukaa mkekani na wafiwa, Tumaini alioneshwa kiti cha plastiki nje, chini ya turubai la majirani. Akaambiwa Baba Mkubwa amesema huko ndani ni kwa watu wa nyumbani. Akakaa. Mimi nikatoka nikakaa naye, na tangu dakika hiyo nina hasira ambayo hainiachi hata nisali vizuri. Ndiyo maana naandika. Anayetaka habari za wazazi wangu na utoto wangu atafute kwingine. Mimi nataka kusema habari za mwaka mmoja tu, mwaka ambao watu wazima wenye akili zao walimkataa binti wa watu kwa sababu ya sinia la wali.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nangoja kuitwa chuo cha ualimu. Deusi alikuwa mpima mizani kwenye ghala la nafaka mjini Sumbawanga, amepanga vyumba viwili uwani kwa mama mmoja mjane, akaniita nikae naye nisije nikaozea Pito nikingoja barua. Chumba chake kilikuwa na kitanda, meza na sanamu ya Bikira Maria. Changu kilikuwa na mkeka, mablanketi mawili na mzigo wa mtu mwingine. Mzigo ulikuwa wa Tumaini, mpangaji wa chumba cha ng'ambo ya ua, msichana aliyetoka Mbeya kuja kuuza viungo sokoni. Bati lake lilikuwa linavuja, na viungo vikishalowa ndiyo basi tena, kwa hiyo tulimwekea kwangu palipokuwa pakavu. Nililala mwaka mzima katikati ya viroba vya mdalasini, iliki, binzari, karafuu na tangawizi kavu. Nyie mnaoijua baridi ya Ufipa ya mwezi wa saba, ile inayopita chini ya mlango bila hodi, mnajua mtu hujifunika hadi puani. Basi mimi nilijifunika karafuu. Blanketi lilifuliwa likaanikwa likafuliwa tena, harufu haikutoka. Nilipofika chuoni wenzangu walinitania kwamba Skola ananuka sikukuu.

Kwa kuwa sikuwa na kazi, asubuhi nilikwenda naye sokoni. Meza yake ilikuwa kati ya wauza maharage na mama mmoja wa mchele wa Mtowisa, na juu yake alipanga mikebe ya maziwa iliyojaa viungo. Alinifundisha kukunja gazeti kuukuu liwe pembe ya kutilia binzari, ukikunja vibaya inamwagikia mteja kwenye kikapu. Na alikuwa na mchezo wake wa majina. Mteja akiomba pilipili manga, Tumaini alimuuliza, Manga ni wapi? Mteja hajui. Ni huko Uarabuni, anamwambia, waliotuletea walipitia huko. Haya, na kiazi ulaya? Hapo hata watoto walijibu. Mama yake aliuza viungo kabla yake, na kabla ya mama yake alikuwapo bibi, na mchezo huo ulikuwa wa kwao, wa kumchelewesha mteja mezani mpaka anunue cha pili. Alisema kila kitu sokoni kina kwao, ila ukikila miaka mingi unasahau kukiuliza. Basi wateja nao walimgeuzia, na wewe je, kwenu wapi? Anacheka, anajibu kwamba yeye ni mtu wa kuja, wamweke fungu moja na pilipili manga. Nilicheka na mimi. Sikujua kwamba neno hilo, mtu wa kuja, ambalo sokoni lilikuwa utani, nyumbani kwetu lilikuwa hukumu. Kwa Baba Mkubwa, mtu wa kuja ni yule ambaye hata akizaa, akilima, akizika, akizeeka hapa, bado unamuuliza ataondoka lini.

Deusi alinasa kwa maharage. Sisi tulichemsha maharage, tukatia chumvi na mafuta kidogo tukaita mboga. Siku moja Tumaini aliomba sufuria yetu ayachukue yaliyobaki, akakaanga kitunguu na nyanya, akaponda kitunguu saumu na tangawizi, akatia binzari kidogo, akarudisha sufuria uwani inafuka. Deusi alikula bila kusema neno, na Deusi hakuwa mtu wa kukaa kimya hata kanisani. Alipomaliza akapangusa sahani kwa kidole. Tangu hapo bati lililovuja likapata fundi, ingawa mzigo haukuhama kwangu. Mjini wakaanza kusema, maana Sumbawanga watu hawakosi la kusema na jina la mji wetu limeshatuchongea uchawi nchi nzima: yule binti wa Mbeya ana unga wa aina aina, ule mmoja ni limbwata, si bure. Tumaini alipoambiwa alijibu kwamba angekuwa na limbwata angempa kwanza mwenye nyumba apunguze kodi. Uchungu wangu mimi ni kwamba maneno hayo yalifika Pito kabla yake, na yalipofika hayakuwa tena ya kucheka.

Kwetu mwanamke anayeletwa nyumbani hupewa jiko kwanza, wazee waone mkono wake, ndipo wamtume mshenga kwao kupeleka posa. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mwenye neno alikuwa Baba Mkubwa. Dini haikuwa kikwazo, Tumaini alikuwa amekubali kuingia mafundisho awe Mkatoliki, na padri alishamwandikisha. Kilichobaki ni sahani moja tu. Tulikwenda baada ya mavuno, baraza ya Baba Mkubwa imejaa mahindi hadi dirishani, naye amekaa kwenye kigoda katikati ya mahindi yake, amefurahi. Zilikuwa ndizo zile nyakati ambazo magari yalitoka Ufipa yamelemewa, na Baba Mkubwa hakuchoka kutuambia kwamba nchi nzima inakula jasho letu. Ila jioni moja ya nyuma, mwenyewe, kwa kinywa chake, alikuwa ametusimulia kwamba alipokuwa mtoto hawakulima mahindi ila kidogo ya kuchoma, ugali ulikuwa wa ulezi, na mama yake alipanda kunde kwenye yale matuta ya mviringo yaliyofukiwa nyasi. Nyani haoni kundule.

Tumaini alifanya vitu vyote kwa heshima. Alipiga magoti, akasema shikamoo kwa kila mzee, akaingia jikoni akavua viatu. Alikuwa amebeba mchele mzuri wa Mtowisa na viungo vyake bora, vile ambavyo hakuwa akiuza kwa rejareja. Mimi nilipuliza moto. Moshi ulikuwa mwingi na dirisha la jikoni lilitazama barazani, na wazee walikuwa wanaongea Kifipa kwa raha zao, wakijua mgeni hasikii. Baba Mkubwa alisema mtoto wa ndugu yake amelishwa unga, na kwamba mtu wa kuja hana kwao, leo yuko hapa kesho amefunga mzigo. Niliinua macho kumtazama Tumaini. Walisahau kwamba mtu hawezi kuwauzia akina mama wa vijijini katika soko la Sumbawanga bila kujua lugha yao. Alikuwa amesikia neno kwa neno. Mkono wake ulisimama kidogo juu ya sufuria, kisha akaendelea kukaanga vitunguu, na machozi aliyofuta angeweza kuyasingizia moshi.

Alitoa pilau. Ilikuwa haijawahi kupikwa katika nyumba ile, kila punje peke yake, kuku wa kienyeji juu, na harufu ikatangulia mpaka barabarani. Alileta jagi na beseni akapiga magoti mbele ya Baba Mkubwa kumnawisha. Mzee akanyoosha mikono, kisha akaitazama ile pilau yenye rangi na chembe nyeusi za pilipili manga, akairudisha mikono yake mapajani kabla maji hayajamgusa.

"Sisi hapa ni watu wa mahindi," alisema. "Vya kuja hatuli."

Tumaini alikuwa bado amepiga magoti, jagi mkononi. Najua hakukusudia ujeuri, namjua. Ulikuwa ule mchezo wake wa mezani, na nadhani aliona kwamba akimchekesha mzee kidogo mambo yatalainika. Akasema kwa sauti ya chini:

"Baba, mahindi nayo si yalikuja? Jina lake lenyewe linasema."

Deusi akacheka. Ole wake Deusi na kicheko chake! Angetulia, huenda neno lile lingepita. Lakini alicheka, wazee wawili wakacheka naye kabla hawajajizuia, na Baba Mkubwa akajikuta amechekwa barazani kwake na mwanamke aliyepiga magoti. Alinyanyuka. Alisema mtu wa kuja mwenye mdomo ni balaa mbili katika nyumba moja, akaingia ndani. Mzee akiondoka mezani hajala, kwetu hilo ni jibu, halihitaji mshenga. Na sasa sikilizeni, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka mpaka leo. Pilau ilipoa barazani. Baadaye kidogo akaita kutoka ndani aletewe chakula cha watu, na mimi ndiye niliyetumwa. Nilimpelekea ugali wa mahindi, maharage yenye nyanya, na pilipili kichaa tatu. Alikula zote, jasho linamtiririka, akaniambia hiki sasa ndicho chakula cha asili yetu. Nikaondoka na sahani tupu, kwa kuwa sikuwa na elimu ya kumjibu.

Baba Mkubwa akatangaza kwamba atakayekwenda Mbeya kuposa asimwite mzazi tena, na hakuna aliyekwenda. Baba yake Tumaini naye akasema hatoi binti kwa mtu asiye na wazee, akangoja washenga mpaka akafa, mzee wa watu, kiti alichowaandalia kikiwa bado kitupu. Deusi na Tumaini wakahamia chumba kimoja bila posa, bila ndoa, na ukoo ukampa jina: yule wa kuja wa Deusi. Mwisho wa mwaka barua yangu ya chuo ikafika. Tumaini alinisindikiza, akanitilia karafuu mfukoni za kutuliza jino, kisha akaniuliza jambo nililokwenda nalo chuoni. "Skola," alisema, "mimi nilisema uongo?"

Nilikwenda kutafuta jibu, na nilipolipata nikakasirika zaidi. Hakusema uongo, alikosea kidogo tu, naye alikosea kwa kumpendelea mzee. Mahindi hayakutoka hata kwa Wahindi. Watu wa pwani waliona yanashuka kutoka baharini na wageni wa mashariki, wakayapa jina la waliodhani ndio wenyewe, kumbe yalikuwa yameshavuka bahari nyingine kabla ya hapo, yametoka Amerika, yalikolimwa na watu ambao Baba Mkubwa hajawahi kuwasikia. Maharage yake, huko huko. Nyanya, huko huko. Pilipili kichaa anayoitafuna kama sala, huko huko, ilisafirishwa na Wareno. Muhogo, karanga, viazi vitamu, alizeti tunayokamulia mafuta, vyote ni vya kuja. Kitunguu kilitoka Asia. Kuku, jamani, hata kuku! Mdalasini ulipita mikono ya watu wengi, kila mmoja akiongeza bei na kuficha ulikotoka, na karafuu ilitoka visiwa vya mbali kabla haijaota Unguja. Vingine jina lilivichongea, manga, ulaya, mahindi. Vingine vilikuja kimya kimya, navyo ndivyo tulivyovidhania vya babu zetu. Na isituingie tu furaha ya vyakula: njia ile ile ya misafara iliyopandisha mbegu kutoka pwani ndiyo iliyoshusha watu wetu wamefungwa shingo. Mbegu zilipofika zilipewa shamba. Hakuna aliyeuliza muhogo kwao wapi.

Tena kuna lililoniuma kuliko yote. Ulezi, ule mweusi tunaotengenezea pombe, ndio wetu, wa nyanda hizi za juu za Afrika, na ulivuka bahari zamani za kale ukaenda India. Huko wakaulima, wakaupikia watoto, wakauita wao. Hawakuuweka nje kwenye kiti cha plastiki. Somo hilo nililifundisha mpaka nilipostaafu, na kila nilipolifikia nilifoka, hata wanafunzi wangu wakaamini kwamba sura ya mazao ni sura ya kugombezwa. Walinakili kwa hofu. Mgeni njoo mwenyeji apone, niliwaandikia ubaoni, kisha nikawauliza nani kati yao amekula leo kitu kisicho cha mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema. Tumaini alishika jembe ujana wake wote mpaka mikono ikaota sugu, alilima matuta ya Kifipa vizuri kuliko mimi mzaliwa, na siku ya kumzika mume wake ikasomwa kwamba marehemu hakujaliwa kuoa.

Siku ya kuanua matanga nilikuwa nimeshapanga. Mimi ndiye shangazi wa ukoo sasa, na jiko la msiba ni la shangazi, hakuna mwanaume wa kuniingilia. Ukoo wote ulikaa sebuleni kwa Deusi, wazee kwenye viti, wafiwa mkekani. Mkekani walikuwa mabinti wawili peke yao, mama yao yuko nje kwenye masufuria. Watu wote niliwapakulia kama kawaida, wali, ugali, nyama, maharage. Baba Mkubwa nilimpelekea sahani yake peke yake, niliyoipika kwa mkono wangu: ugali wa ulezi na mlenda wa chumvi tupu. Nikamnawisha, nikafunua.

Alitazama sahani, akatazama za wenzake. "Skola, maharage yako wapi?"

"Yalikuja, Baba Mkubwa."

Akadhani nimemaanisha yameletwa yakaisha. Akauliza kama basi hata nyanya hakuna, hata kitunguu. Nikamwambia nyanya ilikuja, kitunguu kilikuja, wali ule ulikuja, na ule ugali mweupe kwa wenzake nao ulikuja, jina lake lenyewe linasema. Nilimwambia tena: "Umesema nyumba hii haina nafasi ya mtu wa kuja. Basi nimekupakulia kilichobaki."

Kijana aliyesoma wasifu akaanza kusema shangazi, jamani, mzee huyu, nikamtazama akarudi kwenye sahani yake. Baba Mkubwa alimega tonge, akachovya, akala polepole. Akasema, karibu kwa kujisemea, kwamba mama yake alikuwa anapika hivi hivi. Nilimwonea huruma, sitakataa. Kisha nikalikumbuka lile neno hakujaliwa, huruma ikapita. Akala tonge la pili kwa shida, meno yenyewe hana, akaomba walau pilipili.

Ndipo Tumaini akaingia. Alikuwa amesikia dirishani, kama alivyosikia siku ile jikoni Pito, na mkononi ana bakuli la pilipili aliyoiponda mwenyewe. Nilimwashiria arudi. Hakurudi. Alipita katikati ya wazee, akapiga magoti mbele ya Baba Mkubwa pale pale nilipokuwa nimepiga mimi, na mzee akanyoosha mkono kulipokea bakuli. Tumaini hakulitoa.

"Pilipili ilikuja, Baba," alisema. "Mimi nimefika."

Akainuka, akaenda mkekani, akakaa katikati ya binti zake, miguu ameinyoosha kama wakaavyo wajane, bakuli ameliweka mapajani. Hakuna aliyemwambia asimame. Baba Mkubwa alibaki na tonge mkononi, mlenda unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, anawatazama wazee wenzake mmoja mmoja, nao wanatazama sahani zao. Nje masufuria yalikuwa yanasuguliwa.

"Mke wa Deusi," akasema mwishowe, "nipe pilipili."

Akampa. Mimi nisingempa.